Kuhusu zile komiki na huyo rafiki yako

Mama, salamu za huku Kisumu, sote tuko wazima ila joto tu ndilo linatumaliza. Umeniuliza kama huyo rafiki yako wa kazini anasema ukweli, ati komiki za mashujaa ziliharibika venye walianza kujaza watu weusi na Waasia, na kama wewe ukimchora shujaa wako msichana wa Kijaluo watu watasema unauza rangi tu. Mimi nimeuza vitabu kuukuu miaka mingi na komiki zimepita hapa kwa meza si haba, wacha nikwambie venye naona.

Chukua Storm, yule mwanamke mweusi wa kuita mvua na radi kwa X-Men, kile kikosi cha mashujaa wa kampuni ya Marvel ya Marekani. Alitoka 1975, Len Wein akaandika, Dave Cockrum akachora, na ikasemwa mamake ni binti wa kifalme wa Kenya. Kenya gani sasa? Profesa, yule kiongozi wa X-Men, anamkuta huku kwetu wanakijiji wanamwabudu kama mungu wa mvua, na hao wanakijiji hawana jina, hawana shamba, hakuna hata mama mmoja wa kulalamika kwamba mvua imezidi na mahindi yake yanaoza. Hapo rafiki yako akisema amewekwa kama pambo mimi sibishani. Lakini muda si mrefu mwandishi aliyefuata, Chris Claremont, akampa uoga wa mahali pafinyu, juu akiwa mtoto kule Cairo ndege iliangukia nyumba yao ikaua wazazi wake wote wawili, yeye akabaki amefukiwa kwa kifusi. Kwa hivyo huyu mtu anaita radi ikaja lakini ukimfungia kwa chumba kidogo anatetemeka kama mtoto. Ngozi ni ile ile, mwandishi ndiye alianza kufanya kazi yake.

Halafu kuna Miles Morales, yule Spider-Man mpya, kijana wa Brooklyn kule New York, babake mweusi mamake wa Puerto Rico, Brian Michael Bendis na Sara Pichelli walimtoa 2011 na watu wakapiga kelele kabla hata ya kusoma. Mimi hayo ya kurukaruka kwa magorofa hayanishiki sana, chenye kilinishika ni ile bahati nasibu ya kuingia shule nzuri, wazazi wamejaa ukumbini wanangoja namba ya mtoto wao itoke, yake inatoka ya mwisho kabisa, mamake anamkumbatia kwa furaha na kijana anawaangalia wale watoto wamekosa na hajui kama ashangilie ama aone haya. Kila mtu amewahi kungoja majina ya kidato cha kwanza anaielewa hiyo sura. Ukimfanya huyo kijana asiwe na rangi wala mtaa hiyo stori inatoka wapi?

Ni kweli 2017 mkubwa mmoja wa Marvel alisema wenye maduka wamemwambia wateja wamechoka na hayo mambo ya kuchanganya mashujaa wa rangi tofauti. Sawa, lakini miaka hiyo hiyo walikuwa wanaanzisha komiki upya kutoka namba 1 kila saa, na stori moja wanaikatakata kwa komiki tofauti ndio ununue zote, sasa mteja akichoka mnasingizia rangi? Na Ms. Marvel, yule msichana Mwislamu wa Jersey City, si komiki yake ilishinda tuzo ya Hugo 2015, ile kubwa ya hadithi za sayansi na njozi.

Sisi tukiwa vijana tulikuwa tunagombania Lance Spearman, ile komiki ya Kiafrika ya picha za kupigwa na kamera, jamaa mweusi na kofia yake na sigara, na sikumbuki mtu akilalamika juu ya rangi, tulikuwa tunauliza tu ni nani ako na toleo linalofuata.

Sasa zile kurasa ulinitumia. Huyo msichana anaruka juu ya mtaa wetu wa Kondele vizuri sana, mkono wako umekomaa, lakini nimesoma mpaka mwisho na sijui analala wapi, mamake anauza nini, wala nani anabaki na wadogo zake akitoka usiku kupigana. Wale majambazi pia wanaongea kama watu wa sinema, hakuna mwizi wa hapa anaongea hivyo. Rudia hizo kurasa alafu unitumie kwa WhatsApp, hiyo imeli yako huwa haifunguki kwa simu yangu.

Baba yako.