Kabla ya kuchapisha bango jingine la uzazi wa mpango, jua mama anamwogopa nani

Wanawake karibu wote Tanzania wanaijua angalau njia moja ya uzazi wa mpango. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 31 tu ya walioolewa wanatumia njia ya kisasa. Wapo wanaotaka mtoto kwa wakati huo, na wapo waliokwenda zahanati wakaambiwa dawa zimeisha. Kuna na kundi la tatu: wanaojua, wanaotaka, wenye zahanati karibu, na bado hawathubutu. Hao kipeperushi hakiwasaidii, maana wanachokihofia ni maneno ya watu.

Tuchukue kaida moja iliyozoeleka: bibi harusi hagusi uzazi wa mpango mpaka azae mtoto wa kwanza. Ndoa ikifika miezi minne, mitano, mawifi wanaanza: "Bado tu?" Akikaa kimya anaitwa mgumba, mume anashauriwa aongeze mke, na mama mkwe anapunguza salamu. Binti wa miaka 18 anaweza kuwa na kila sababu ya kusubiri, lakini gharama ya kusubiri anailipa peke yake.

Mradi unaotaka kugusa jambo hili uanze kwa kutofautisha vitu vitatu ambavyo maofisa wengi huvichanganya: mtu mwenyewe anaona nini, anadhani wenzake wanafanya nini, na anadhani wenzake wanamtarajia afanye nini. Dodoso linalouliza "Je, unakubaliana na uzazi wa mpango?" linapima la kwanza tu. Kaida imo katika mawili ya mwisho, pamoja na adhabu inayomsubiri anayekwenda kinyume.

Njia nyepesi ya kuyatoa hayo ni kisa cha kutunga. Kaa na watu 6 hadi 8, saa moja na nusu isizidi. Mabinti walioolewa karibuni wakae peke yao, mama wakwe peke yao, waume vijana peke yao. Ukimweka binti na mkwewe kwenye mkeka mmoja utapata majibu ya mkwe. Mpe mhusika jina ambalo hakuna mtu kijijini analo, la sivyo mjadala utageuka umbea. Kisha simulia: binti ana miaka 19, ameolewa miezi sita iliyopita, yeye na mumewe wamekubaliana wasubiri mwaka mmoja wakusanye mtaji. Uliza: Wasichana wengi wa hapa wangefanya nini? Nani angekuwa wa kwanza kujua? Angesema nini? Binti angeyumba kwa maneno ya nani hasa? Na kama huyo akinyamaza, binti angeendelea na mpango wake?

Swali la mwisho ndilo la thamani zaidi. Wakisema "angeendelea akinyamaziwa", kaida ndiyo inayomzuia. Wote wakisema "angeendelea hata akisemwa", kaida ni dhaifu, na pengine tatizo ni huduma tu. Wakisema "hawezi, hata wakinyamaza", huenda ni yeye mwenyewe anayeamini kizazi kitaharibika, na hapo kinachotakiwa ni ushauri nasaha wa kweli.

Kuhusu hofu ya kizazi, tuseme wazi: kuiita "imani potofu" ni uvivu. Anayechoma sindano ya miezi mitatu anaweza kukaa, kwa wastani, takribani miezi 10 tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba. Uwezo wa kuzaa unarudi, lakini kwa kuchelewa. Bibi harusi asiyeambiwa hivyo akiacha sindano na miezi ikapita bila mimba, kijiji kizima kinapata ushahidi kwamba sindano "zinakausha kizazi", na hakuna mhudumu atakayeufuta. Kijiti na kitanzi havina ucheleweshaji huo. Vikitolewa, uwezo hurudi mapema. Mhudumu aulize kwanza, "Unataka kuzaa lini?", ndipo aeleze njia.

Mara nyingi utakuta watu wengi kwa siri wanaona ni sawa wanandoa wapya kusubiri, ila kila mmoja anadhani yuko peke yake. Ukilikuta hilo, una silaha. Lithibitishe kwa kura ya siri: kila mtu apewe kunde moja nyeupe (ndiyo) na moja nyekundu (hapana), atumbukize moja kwenye mfuko wa kitambaa na nyingine abaki nayo mfukoni. Usichanganye maharage na mahindi kwenye kopo, maana sauti inamtaja mpigaji. Kundi liwe la watu 15 au zaidi. Kabla ya kuhesabu, waulize wanadhani wangapi wamesema ndiyo. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, usihesabu mbele yao. Hesabu pembeni. Kama waliosema ndiyo ni wengi kuliko walivyokisia, warudishie matokeo na waachie wajadili wenyewe. Kama ni wachache kweli, usiyatangaze. Utakuwa umekitangazia kijiji kwamba kaida ina nguvu. Ili usionekane umeficha, waambie tangu mwanzo kwamba matokeo hayatatangazwa siku hiyo, na huenda yasitangazwe kabisa.

Kosa la aina hiyo hiyo liko kwenye mabango ya mimba za utotoni. Utafiti ule wa 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Takwimu hiyo mpelekee mkurugenzi wa halmashauri anayepanga bajeti. Msichana mwenyewe ukimpigia kelele kwamba "mimba za utotoni zimekithiri", anasikia kwamba wenzake wote ndivyo walivyo. Yeye mwambie ukweli ule ule kutoka upande wa pili: karibu wanne kati ya watano hawajawahi kupata mimba.

Waume wasiishie kwenye "kikao cha wanaume" cha nusu siku. Rwanda, mpango wa Bandebereho uliwaita wanaume wenye watoto wadogo au wanaotarajia mtoto kwa vikao 15, wake zao wakishiriki hadi 8, na tathmini yake ilikuta matumizi ya njia za kisasa yamepanda na ukatili nyumbani umepungua. Mama mkwe naye afuatwe alipo: kwenye kikoba au jumuiya yake. Pwani, kungwi ana sauti kuliko mabango yote. Mshirikishe kabla ya unyago, siyo siku ya sherehe.

Na muuguzi ni mwanajamii kama wengine. "Umeshazaa? Mumeo anajua?" ni kaida iliyovaa sare. Mwongozo wa Tanzania haudai ruhusa ya mume. Mfanyie yeye kisa kile kile cha kutunga kabla ya kumpeleka mafunzo, utashangaa.

Kuna wanawake ambao uwazi utawaponza. Kadi ya anayeficha ibaki zahanati, tarehe ya kurudi aikariri, na mhudumu wa ngazi ya jamii asimfuate nyumbani wala kumpigia simu bila kukubaliana naye. Orodha ya majina isizunguke vikaoni, hata kama mfadhili anadai sahihi. Mahudhurio yaandikwe kwa idadi, jinsia na umri.

Mwisho wa mradi usipime watumiaji peke yake. Maswali haya yaulize mradi ukianza, kisha yarudie, kwa maneno yale yale, baada ya miezi 12 au zaidi: "Kati ya mabinti 10 walioolewa karibuni hapa, wangapi unadhani wanasubiri kuzaa? Kati ya mama wakwe 10, wangapi wangemsema?" Idadi ya pili ikishuka huku matumizi yamesimama palepale, kabla ya kulaumu kijiji, fungua kabati la dawa la zahanati uone vijiti vipo au viliisha tangu lini.