Usichape hizo kopi 300 kabla mtu mwingine hajakokotoa

Mkuu, simamisha mashine. Umesema kesho unapeleka steshenari ya Mwanga, Kigoma, kopi 300 za maswali na majibu kwa wanafunzi wa uhasibu ngazi ya 4 na ya 5, wale wa cheti. Maswali umeyatoa kitabu cha Uingereza, pauni umezifanya shilingi, London ikawa Kigoma, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 20 ikawa 18, halafu unauliza jalada gumu au laini na uuze bei gani. Jalada! Nyumba inaungua unauliza rangi ya pazia.

Hiyo 20 kuwa 18 ndiyo iliyonichoma. Chukua duka la vifaa Ujiji limeuza mabati taslimu 1,200,000, VAT ikiwemo. Kwa Mwingereza kodi ni 20 kwa 120, yaani moja ya sita: 200,000, mauzo 1,000,000. Namba safi, ndiyo maana mtunzi aliichagua. Kwa 18 unagawa kwa 118: kodi 183,050.85, mauzo 1,016,949.15. Swali umelibadilisha, lakini kwenye ukurasa wa majibu, ile 200,000 bado imekaa kama mwenye nyumba.

Na usitegemee urari, ile orodha ya kulinganisha jumla ya debiti na ya krediti, ukuamshe. Debiti taslimu 1,200,000, krediti mauzo 1,000,000 na VAT 200,000: unakubali bila hata kukohoa. Urari unakamata debiti isiyolingana na krediti, basi. Hapo faida imepungua 16,949.15, deni la VAT limezidi kiasi hicho hicho, mizania (mali upande huu, madeni na mtaji upande ule) imesimama vizuri, na yote ni uongo. Mbaya zaidi, mwanafunzi aliyepata jibu sahihi anafuta lake anaandika la kwako. Nayajua kwa sababu nilifanya kosa hili hili: kopi zangu 180 ziliishia kufungia maandazi. Mama wa maandazi peke yake ndiye hakulalamika.

Aliyeniambia "badilisha majina tu, hesabu ni zile zile" alikuwa mwalimu mwenye miaka mingi kazini. Ukikutana na mtu wa aina hiyo, mpe kalamu akokotoe mbele yako. Na wa steshenari naye, "chapa nyingi kwa mkupuo bei inashuka". Inashuka kweli, na kosa moja linakuwa makosa 300.

Kwa hiyo: swali lisichapwe mpaka mtu ambaye hakuliandika amelikokotoa kwenye karatasi tupu, jibu halioni. Wewe hufai, jicho lako linasoma ulichokusudia. Tafuta mwalimu mmoja na mwanafunzi wa ngazi ya 6 (stashahada), uwapimie muda kwa saa. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 ni dakika 1.8 kwa alama, hivyo swali la alama 20 ni dakika 36. Mwanafunzi akigonga saa nzima, punguza marekebisho ya hesabu uliyoyarundika ndani ya swali.

Majibu yao yakitofautiana, shuku swali kwanza. Mfano: mashine ya 12,000,000 imenunuliwa 1 Oktoba, itatumika miaka 5 na kuuzwa 2,000,000, uchakavu ni kiasi sawa kila mwaka, hesabu zinafungwa 31 Desemba. Mmoja anaandika 2,000,000, mwingine 500,000 ya miezi mitatu. Wote wawili wana haki, kwa sababu hukusema kama uchakavu unahesabiwa kwa miezi au mwaka mzima. Sentensi moja tu ilikosekana.

Ukitunga upya, anzia kwenye jibu. Kwenye Excel weka mauzo 1,000,000, fomula ikupe 1,180,000, hiyo ndiyo inayoingia kwenye swali. Swali na jibu vikae faili moja, vimeunganishwa kwa fomula, ili ukigusa namba moja zote zisogee. Na tafadhali muuza dagaa wa Kibirizi anayeuza milioni 40 kwa mwaka usimtoze VAT. Kizingiti cha usajili kwa mfanyabiashara wa kawaida ni mauzo ya milioni 200.

Steshenari peleka PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine safu zinahama, debiti inajikuta kwenye krediti. Toa kopi 20 kwanza, tarehe ya toleo chini ya kila ukurasa, wape darasa moja wiki mbili na kalamu nyekundu. Zile 280 zitasubiri.