“Mbunge wa jimbo” wa California ni nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninatafsiri habari za mazingira kwa ajili ya redio ya jamii. Katika kipindi cha ukame wa California niliandika hivi: “Mwaka 2014 wabunge wa jimbo walitunga sera ya maji ya chini ya ardhi.” Mhariri akanirudishia akiuliza ni jimbo lipi, na tangu lini mbunge akatunga sera. Mwenzangu ananishauri niandike “wabunge wa serikali”. Nifuate lipi? Na je, maliasili na rasilimali ni kitu kimoja? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Nianze na ushauri wa mwenzako, kwa sababu ndio wenye madhara makubwa zaidi. “Wabunge wa serikali”, kwa masikio ya msikilizaji wa Dodoma au Nairobi, ni wabunge wanaokaa upande wa serikali bungeni, yaani mawaziri na wale wanaowaunga mkono. California ina wabunge wa vyama vyote viwili vikubwa, na kazi yao mojawapo ni kumbana gavana. Ukiwaita wabunge wa serikali umewapa utii wasioapa. Achana nalo kabisa.

“Wabunge wa jimbo” si kosa la sarufi, ila maana yake hubadilika kila unapovuka mpaka. Kwetu Tanzania, mbunge wa jimbo ni yule aliyechaguliwa na wapiga kura wa eneo lake, tofauti na mbunge wa viti maalumu. Jimbo hapo ni eneo la uchaguzi tu. Halina bunge, halina gavana, wala haliwezi kutunga sheria hata moja. Mkenya analiita eneo hilo “eneo bunge”, na akisikia “majimbo” anakumbuka ule mfumo wa serikali za mikoa wa Katiba ya uhuru ya 1963, uliofutwa mwaka uliofuata. Mkongomani wa Bukavu ndiye atakayekuelewa bila shida: kwake jimbo ni Kivu Kusini, lenye gavana na bunge lake, na mbunge wa jimbo si yule aliyetumwa Kinshasa. Basi sentensi yako moja inasikika kwa namna tatu, na redio haina tanbihi.

Wengine hukwepa tatizo kwa kuandika “wabunge wa California”. Hapo tena pana shimo. California ina wabunge 120 mjini Sacramento, makao makuu ya jimbo, 40 wa Seneti na 80 wa baraza la chini, na ina wengine 54 wanaoiwakilisha katika Bunge la Marekani, Washington: 52 katika Baraza la Wawakilishi na 2 katika Seneti. Wote ni wabunge wa California. Ninachopendekeza ni kukifanya chombo chenyewe kiwe mtenda: “Bunge la Jimbo la California limepitisha…” Ukishalitaja hivyo mara ya kwanza, unaweza kuendelea na “wabunge hao” bila wasiwasi. Baraza la chini la Sacramento usiliite Baraza la Wawakilishi. Jina hilo lina wenyewe Washington, na Zanzibar pia.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika habari za mazingira, swali la nani mwenye mamlaka ndilo habari yenyewe. Marekani ina majimbo 50 na mamlaka yamegawanywa. Takriban asilimia 80 ya ardhi ya Nevada inamilikiwa na serikali kuu, hivyo mambo mengi kuhusu malisho, madini na misitu ya huko huamuliwa Washington. Maji ya visima ya California ni kinyume chake: ni suala la jimbo, na hadi mwaka 2014 jimbo zima halikuwa na sheria moja ya kudhibiti uchimbaji wake, wakulima wakivuta maji hadi ardhi ya Bonde la Kati ikawa inadidimia. Msikilizaji asipojua ni bunge lipi lililochukua hatua, hatajua pia ni bunge lipi lililokaa kimya miaka yote hiyo.

Sasa hoja ya pili ya mhariri, “kutunga sera”. Katika mazoea yetu yuko sahihi. Sera huandaliwa na wizara na kupitishwa na Baraza la Mawaziri. Bunge hutunga sheria. Sera ya Taifa ya Mazingira ilitoka mwaka 1997, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ikatungwa na Bunge mwaka 2004. Hayo ni maandiko mawili, ya mikono miwili, yaliyopishana miaka saba. Lakini katika majimbo ya Marekani mara nyingi sera huishi ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya California ya 2006 kuhusu ongezeko la joto duniani iliweka lengo katika vifungu vyake: kufikia mwaka 2020 utoaji wa gesi zinazoongeza joto duniani urudi kwenye kiwango cha 1990. Kisha ikaikabidhi Bodi ya Rasilimali za Hewa kazi ya kuandika kanuni za kulifikia. Hapo wabunge ndio waliochagua mwelekeo. Kwa hiyo usiseme “walitunga sera”. Sema “walitunga sheria iliyoweka sera”, au “kwa sheria hiyo waliamua mwelekeo wa jimbo”.

Vitenzi hapa vina ngazi zake. Muswada (Kenya wanasema mswada) huwasilishwa, hujadiliwa, hupitishwa. Gavana huutia saini, au huukataa kwa kura ya turufu. Ukishatiwa saini ndipo unakuwa sheria, na hata hapo inaweza kusubiri tarehe ya kuanza kutumika. Miswada mitatu ya maji ya chini ya ardhi ilipitishwa Agosti 2014, Gavana Jerry Brown akaitia saini Septemba, sheria ikaanza kutumika Januari 2015. Mtangazaji anayesema “sheria imepita” mwezi Agosti amemtangulia gavana.

Angalia mifuko ya plastiki, maana hapo waandishi wetu wengi huandika “wabunge wamepiga marufuku” bila kuuliza. Tanzania Bara marufuku ya Juni 2019 ilikuja kwa kanuni zilizotungwa chini ya ile sheria ya 2004. Mwenye kalamu alikuwa waziri. Kenya ilikuwa tangazo la waziri katika Gazeti Rasmi, Februari 2017, likaanza kufanya kazi Agosti 28. California, Bunge la Jimbo lilipitisha sheria mwaka 2014, watengenezaji wa mifuko wakakusanya saini kuisimamisha, na wapiga kura wakaithibitisha kwenye sanduku la kura Novemba 2016. Mfuko ni uleule, lakini waliopiga marufuku ni waziri, waziri, na wananchi pamoja na wabunge wao. Kanuni ya waziri inaweza kubadilishwa na waziri anayefuata. Sheria ya Bunge hurudi bungeni. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka kupinga au kuunga mkono anahitaji kujua mlango wa kubisha.

Kuhusu maliasili na rasilimali: maliasili ni kile ambacho ardhi, maji na hewa vimebeba bila mkono wa mtu, kama misitu, wanyamapori, samaki na madini. Rasilimali ni pana zaidi. Kuna rasilimali watu na rasilimali fedha. Katiba yetu, ibara ya 27, inatumia “mali asilia”, nayo ni Kiswahili safi, ingawa wizara imetuzoesha “maliasili”. Mkenya akiandika “rasilimali asilia” usimsahihishe.

Sentensi yako ningeiandika hivi: “Mwaka 2014 Bunge la Jimbo la California lilipitisha miswada mitatu ya kudhibiti uchimbaji wa maji ya chini ya ardhi, na gavana akaitia saini kuwa sheria.” Ni ndefu kidogo kuliko yako, lakini msomaji wa taarifa ataivuta kwa pumzi moja.