Jiwe la kupimia: kabla hujalilaumu, pitisha kiganja

Ndugu, umesema jiwe lako la itale (graniti), lile bapa lililonyooka tunalowekea vipande tunapovipima, unaliosha kwa maji na sabuni kila asubuhi, lakini ukipitisha saa ya kupimia, ile inayoonyesha tofauti ndogo za kimo, mshale unacheza, hupati kipimo kile kile mara mbili. Usikimbilie kuliuza. Langu, la sm 45 kwa 30, ninalo mwaka wa sita kwenye karakana ya uani hapa Ngamiani, Tanga, na lilinitesa vivyo hivyo.

Kwanza hayo maji. Itale ina vitundu vidogo sana vinavyonyonya maji, na yakianza kukauka uso wa juu hupoa kuliko wa chini, jiwe likabonyea katikati. Ni mikroni chache (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini si ndizo unazozitafuta? Sabuni nayo huacha utando. Mimi hutumia spiriti kidogo kwenye fulana ya pamba iliyochakaa ikalainika, kisha naliacha saa nzima, maana spiriti nayo hupoza.

Halafu kiganja. Kiwe kikavu, kipite taratibu uso mzima. Kuna siku nilihangaika tangu asubuhi na kipande kilichokuwa kikiyumba juu ya jiwe. Nikaituhumu mashine ya kukereza, nikafungua hiki, nikakaza kile, hadi adhuhuri. Kumbe ni punje moja ya vumbi la grenda! Jicho halikuiona, kitambaa kilipita juu yake, kiganja kikaikuta papo hapo. Tangu siku hiyo kila ninachokiweka juu nakipangusa upande wa chini kwanza, na grenda nimeihamishia nje ya mlango.

Masika ndiyo mabaya zaidi kwetu wa pwani. Nilisahau kipande cha chuma juu ya jiwe usiku mmoja tu, asubuhi nikakuta alama ya kahawia yenye umbo lake. Itale haishiki kutu, ila unyevu wenye chumvi hujibana chini ya chuma, na kutu yake inaingia kwenye vile vitundu. Alama ile ipo hadi leo. Jioni ondoa vyuma vyote, ukavipake mafuta mbali na jiwe.

Kulifunika kwa kanga sikushauri, kitambaa hukusanya mchanga. Gonga kifuniko cha plaiwudi kisichogusa uso wake.

Leo jioni lifute, lifunike. Kesho kabla jua halijapiga bati, pima sehemu moja mara tatu, utuletee namba tuzione.