Machweo ya Malagarasi yasiyokauka

SWALI: Mimi ni mkazi wa Ujiji, na kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka. Mwezi wa Julai nilichora Mto Malagarasi, upande wa Ilagala, jua likizama, kwa rangi za mafuta za tyubu alizoniletea shemeji yangu kutoka Dar es Salaam. Kwa kuwa zilikuwa nzito, nilizilainisha kwa mawese. Huu ni mwezi wa tatu na picha bado inanata kama utomvu. Tena mto wenyewe unaonekana kama ukuta mwekundu. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa la kwanza umelitoa jikoni. Rangi nyingi za tyubu husagwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, ambayo hayakauki kwa kuruka hewani kama petroli, bali hufyonza oksijeni na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Mawese hayana tabia hiyo, na hata ukiiacha picha yako ukutani hadi mwakani, itaendelea kunata na kukusanya vumbi. Ikwangue, na usichore kitu kingine juu yake. Safari ijayo, tabaka la kwanza lilainishe kwa tapentaini kidogo, na mafuta ya kitani uyaongeze katika tabaka za juu, kwa sababu tabaka la juu likikauka kabla ya la chini, picha hupasuka.

Suala la ukuta ni gumu zaidi, nalo halihusiani na mafuta. Simama ukingoni jioni, utazame maji yaliyo karibu na miguu yako, kisha uinue macho taratibu kuelekea ng'ambo. Maji ya karibu huakisi mbingu ya juu, ambayo saa hiyo imekwisha kuwa buluu iliyokolea, na ndani yake utaona pia udongo wa mto. Yale ya mbali huakisi anga la chini, lenye rangi ya chungwa. Wewe, nadhani, ulipaka wekundu mmoja kuanzia juu hadi chini, na ndiyo maana mto ukasimama. Acha mng'ao uwe mbali, giza liwe karibu, na mipigo ya brashi ilale, ikizidi kuwa myembamba kadiri unavyokwenda mbali. Taswira ya matete ndani ya maji ishuke wima, nayo iwe hafifu kidogo kuliko matete yenyewe.

Jua nalo lisikushawishi kumwaga nyeupe, kwani nyeupe hupoza rangi. Katika picha ya mchoraji Mfaransa Claude Monet ya mwaka 1872 inayoonyesha macheo katika bandari ya Le Havre, jua la rangi ya chungwa lina mwanga unaokaribiana sana na ule wa anga la kijivu linalolizunguka, kiasi kwamba picha hiyo ikigeuzwa kuwa ya nyeusi na nyeupe, jua linakaribia kupotea. Linawaka kwa sababu ya ukijivu ule.

Kigoma iko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hushuka karibu wima, na baada ya kuzama, karibu saa moja jioni, rangi hazikai hata nusu saa. Changanya rangi zako mapema, tangu saa kumi na moja, kisha uchore vipande vidogo vya kadibodi iliyopakwa praima, yaani rangi ya msingi, kimoja kwa jioni moja, huku ukiandika pembeni kwa penseli rangi ulizoziona. Picha kubwa itengenezwe nyumbani.

Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyarundike pembeni mwa chumba, maana huweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje hadi yakauke. Na vanishi isubiri angalau miezi sita.