Picha za sarafu: nunua nguzo kwanza, lenzi itafuata

Sarafu iliyoniadhiri ni ya hela 20, iliyogongwa hapahapa Tabora mwaka 1916. Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na Waingereza, sarafu za kwao haziji, wakageuza vifaa vya karakana ya reli kuwa mtambo wa pesa. Ile herufi T chini ya mwaka ni Tabora. (Neno "hela" lenyewe tumelipata kwao, kwenye Heller.) Nilimtumia picha mkusanyaji mmoja wa Dar es Salaam, akanirudishia swali moja tu: ncha za herufi L kwenye neno HELLER zimejikunja au zimechongoka? Ncha hizo, pamoja na ukubwa wa taji lililochorwa kwenye sarafu, ndizo zinazotenganisha aina moja na nyingine. Nikaikuza picha. Ukungu mtupu.

Nilikuwa nimenunua kamera ya megapikseli 24 kwa pesa ya tumbaku ya msimu mzima, kwa hiyo nikadhani ninahitaji kubwa zaidi. Wapi! Kamera haikuwa na kosa. Niliifunga kwenye stendi ya miguu mitatu, nyepesi kama mwavuli, nikaiinamisha juu ya meza. Kidole kikigusa kitufe inacheza, lori likipita nje inacheza. Tena haikuwa wima, ndiyo maana taji lilisomeka na maandishi ya chini yakayeyuka. Ukisogea karibu kiasi hicho, eneo linaloonekana wazi huwa jembamba mno.

Dawa niliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio zamani za filamu. Mashine yake ya kukuzia picha ilikuwa imelala chini ya kaunta.

"Shikamoo, mzee. Hii unaiuza?"

"Marahaba. Mwanangu, siku hizi nani anasafisha picha?"

Akaniachia kwa elfu thelathini. Ina ubao mzito wa chini na nguzo ya chuma inayopandisha na kushusha kichwa chenye taa. Nikakitoa kichwa, fundi wa kuchomelea akaniwekea kipande cha chuma chenye bolti ya robo inchi, ile inayoingia kwenye tundu la chini ya kamera. Kupata wima, weka kioo cha kujitazamia mahali pa sarafu, kisha sogeza kamera mpaka duara la lenzi yako lionekane katikati kabisa ya picha. Halafu tumia taima ya sekunde mbili, usibonyeze kwa mkono.

Lenzi sasa. Watu hukimbilia makro, lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ile inayotoa ukubwa halisi (1:1). Hesabu kwanza: sarafu yangu ina upana wa karibu milimita 29, na sensa ya APS-C (kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera, saizi iliyo kwenye kamera nyingi) ina kimo cha milimita 15 au 16. Ili iingie yote, nusu ya ukubwa halisi inatosha. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 ukiichomekea pete za kurefushia za milimita 25, umefika hapo. Ukiwa na uwezo wa kununua makro, chukua ya milimita 90 au 100 uiache ya 50, kwa sababu ya 50 inakaa karibu sana na sarafu na taa zinakosa pa kupenya. Tundu la lenzi linalopitisha mwanga liweke kwenye f/8 hivi (namba ikipanda, tundu linapungua). Ukifunga hadi f/22 picha nzima inapoteza ukali.

Ila kazi yenyewe iko kwenye taa, na hapo nilipoteza wiki tatu. Ninatumia taa mbili za mezani za LED, zimekaa zilipo namba 10 na namba 2 kwenye uso wa saa, juu, karibu na lenzi. Zikishuka sana, kila mkwaruzo unageuka korongo. Niliwahi kuzifunika kwa karatasi nyeupe ili mwanga uwe laini. Mng'ao ukafa, shaba ikafanana na kigae. Balbu ziwe za aina moja, na pazia lifungwe, la sivyo upande mmoja utakuwa wa manjano na mwingine wa buluu. Kwa sarafu inayong'aa kama kioo, simamisha kipande cha kioo cha fremu kwa nyuzi 45 kati ya lenzi na sarafu, umulike kutoka ubavuni. Mwanga utateremka wima juu yake.

Mwenye simu tu asisubiri kamera. Iegemeze juu ya vitabu viwili, kuza mara mbili badala ya kuisogeza mpaka kivuli chake kifunike sarafu.

Na tafadhali, usiisugue kwa ndimu wala majivu ili ipendeze kwenye picha. Niliisugua moja, na mpaka leo hakuna mkusanyaji anayeitaka.

Ile ya hela 20 niliipiga upya kwenye nguzo ya mzee. Ncha zimechongoka.