Maswali Yenu: Kumtafuta Mtu Katika Madaftari ya Umma

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: fulani aliishi hapa, alikuwa na nyumba na majirani, sasa nitapataje habari zake zilizoandikwa? Tumechagua sita.

Nina jina tu la mzee aliyekuwa mpangaji wa babu yangu miaka mingi iliyopita. Nimeliandika kwenye intaneti, yakaja majina yasiyo na idadi. Nianzie wapi?

Liweke jina pembeni kwanza. Ofisi hutunza matukio. Mtu huingia kwenye daftari siku anapozaliwa, anapobatizwa, anapofunga ndoa, anaponunua kiwanja, anaposajili biashara, anaposhtakiwa na anapokufa. Chukua karatasi uichore safu nne: tukio, kati ya mwaka gani na mwaka gani, mahali, na ofisi iliyokuwa ikiandikisha wakati ule. Safu ya nne ndiyo inayowapotezea watu muda. Wilaya hugawanywa, parokia huzaa parokia, lakini vitabu vya zamani kwa kawaida hubaki pale vilipofunguliwa au hupelekwa kwenye nyaraka za taifa. Kwa hiyo uliza kwa jina la wilaya la wakati ule, si la leo.

Kisha anza na tukio la mwisho na urudi nyuma. Daftari la vifo likipatikana, mara nyingi hutoa umri, kazi, makazi na jina la mtu aliyetoa taarifa. Huyo mtoa taarifa ni mlango wako wa pili, kwa kuwa mara nyingi ni mwana, mjane au jirani. Pima kila neno kwa kujiuliza nani alilisema na alijuaje. Tarehe ya kifo kwenye cheti cha kifo ina nguvu, imeandikwa tukio likiwa bichi. Tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti hichohicho mara nyingi imetoka kwa mtu ambaye hakuwepo marehemu alipozaliwa, au alikuwa mtoto.

Daftari la ndoa ni tajiri kuliko mengi. Usiishie kwa bwana na bibi harusi. Nakili na mashahidi, maana mara nyingi ni ndugu au majirani. Ukipata sensa iliyoandikwa nyumba kwa nyumba, soma ukurasa uliotangulia na unaofuata. Wapangaji na wakwe huwa hapo.

Nina hakika shangazi aliandikishwa, lakini msajili anasema jina halimo. Imekuwaje?

Mara nyingi jina limo, ila halimo kwenye faharasa, yaani orodha ya majina inayokuelekeza kwenye ukurasa. Faharasa ni kazi ya mtu wa pili, aliyekaa baadaye akisoma mwandiko wa karani wa kwanza. Karani naye aliandika alichosikia. Hapo makosa mawili yameshapandana.

Omba utafutaji upya kwa namna hizi: jina la kwanza pamoja na kijiji bila jina la ukoo, jina la baba likiwa ndilo jina la ukoo, jina la ndoa na jina la usichana, jina la dini na jina la nyumbani. Geuza herufi zinazobadilishana mdomoni, r na l, h na kh, s na sh, dh na z. Tanua miaka mitano kila upande. Uliza pia kama kuna daftari la waliochelewa kuandikishwa. Aliyezaliwa mwaka mmoja akaandikishwa miaka 20 baadaye, kwenye ofisi nyingi utamkuta kwenye mwaka wa kuandikishwa, wala si wa kuzaliwa.

Tovuti nyingi za ukoo hutoa utafutaji wa majina yanayofanana kwa sauti, na mfumo mkongwe unaotumika ni Soundex, uliosajiliwa kama uvumbuzi nchini Marekani mwaka 1918. Hushika herufi ya kwanza ya jina, kisha huzigeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu tatu. Uliundwa kwa ajili ya majina yaliyoandikwa Kiingereza, nao hukosea palepale tunapohitaji msaada. R hupewa 6 na L hupewa 4, hivyo Kariuki huwa K620 na Kaliuki huwa K420, majina mawili yasiyojuana. Hamisi ni H520, Khamis ni K520, kwa sababu herufi ya kwanza haiguswi. Kwa hiyo usiuamini mfumo huo peke yake. Andika kila tahajia kwa mkono wako.

Angalia tarehe nazo. 03/04 yaweza kuwa Aprili 3 au Machi 4, kutegemea nchi. Nchini Uingereza, hadi kalenda ilipobadilishwa mwaka 1752, mwaka wa kisheria ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari iliyoandikwa 1740 kwa hesabu yetu ni ya 1741. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, na miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya kalenda ya kawaida. Umri wa mzee uliohesabiwa kwa miezi mwandamo utakuzidishia miaka miwili kwenye kila 66. Tena umri wenyewe huenda ulikatwa: katika sensa ya Uingereza ya 1841, watu waliozidi miaka 15 kwa kawaida walishushwa hadi kwenye tano iliyo karibu, hata mwenye 39 akaandikwa 35.

Yakishindikana yote, uliza historia ya kitabu chenyewe. Kuna vilivyoteketea. Sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales iliungua mwaka 1942, na kwa kuwa mwaka 1941 haikufanyika sensa kwa sababu ya vita, watafutaji hutegemea orodha ya wakazi iliyoandikwa Septemba 1939. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 ilipotea baada ya moto wa Januari 1921. Dublin, mji mkuu wa Ireland, ilipoteza hazina ya nyaraka za karne nyingi mwaka 1922. Kitabu kikitoweka, tafuta kilichoandikwa jirani yake kwa sababu nyingine: kodi, shule, kanisa au msikiti, hospitali, mirathi.

Kiwanja kilicho ukutani kwetu kimeota pori na hakuna anayemjua mwenyewe. Nitampataje?

Hapa namba ya kiwanja ina thamani kuliko jina lolote, kwa kuwa masijala nyingi za ardhi hupangwa kwa kiwanja. Ianze kwenye ramani ya upimaji. Chukua namba ya kiwanja chako kutoka kwenye hati yako, uisome kwenye ramani, kisha nakili ya jirani pamoja na kitalu na namba ya ramani yenyewe. Soma tarakimu kwa sauti mara mbili. Kosa la tarakimu moja hukupeleka kwa mtu asiyehusika, nawe utakuwa umelipa ada.

Baada ya hapo omba utafutaji rasmi, wenye muhuri na tarehe. Utakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, aina ya umiliki, rehani na mazuio. Hautakuonyesha anayeishi pale wala aliyenunua kwa makubaliano ya mkononi bila kusajili. Mara nyingi utakuta jina la mtu aliyefariki zamani, kwa kuwa warithi hawakubadilisha. Hamia basi kwenye masijala ya mahakama inayoshughulikia mirathi, uombe jalada kwa jina la marehemu. Humo kuna msimamizi wa mirathi, warithi na mara nyingi orodha ya mali. Gazeti rasmi la serikali nalo lisomwe. Kwa mfano Kenya, ambako gazeti hilo limekuwa likitolewa tangu 1899, maombi ya mirathi na hati zilizopotea hutangazwa humo.

Mmiliki akiwa kampuni, nenda kwa msajili wa makampuni. Uingereza huonyesha wakurugenzi bure mtandaoni, lakini siku ya kuzaliwa hufichwa, hubaki mwezi na mwaka, na anwani inayoonekana yaweza kuwa ya ofisi ya wakili. Iandikie hiyohiyo, inatosha.

Na kama unataka kukinunua, rudia utafutaji siku unapolipa. Karatasi ya mwezi uliopita inasema mambo ya mwezi uliopita.

Rafiki yangu alihama akakata mawasiliano. Je, naweza kupata anwani yake kwenye daftari la wapiga kura au sensa?

Sensa hapana. Kumbukumbu zenye majina hufungwa kwa muda mrefu: miaka 100 Uingereza, 72 Marekani, ambako ile ya 1950 ilifunguliwa Aprili 1, 2022. Daftari la wapiga kura hutofautiana. Uingereza ina matoleo mawili: kamili, linalotumika kwa uchaguzi na shughuli chache zilizotajwa na sheria, na la wazi, ambalo yeyote aweza kulinunua na mkazi aweza kuomba aondolewe humo. Hata Sweden, yenye sheria ya uwazi wa nyaraka tangu 1766, huficha anwani za watu walio hatarini.

Tunakuomba uiheshimu sababu ya ulinzi huo. Mtu aliyekata mawasiliano huenda alikusudia, na huenda anamkimbia mtu mwingine ambaye naye atafaidika na utakachokipata. Andika barua fupi yenye namba yako, umpe ndugu yake, kanisa lake au mwajiri wake wa zamani aifikishe, bila kuuliza yuko wapi. Akitaka, atajibu. Asipojibu, hilo nalo ni jibu. Usikusanye vipande, kazi yake hapa, gari lake pale, shule ya watoto kule, ukaviunganisha. Kila kipande chaweza kuwa halali, lakini ramani inayotokea humweka mtu hatarini, na katika nchi nyingi zenye sheria za ulinzi wa data yaweza kukuingiza matatani. Kama ni deni au matunzo ya mtoto, njia ni mahakama, ambayo ina uwezo wa kuamuru anwani itolewe kwake.

Kila nikienda naambiwa jalada halionekani. Nifanye nini?

Acha kuuliza kwa mdomo. Andika ombi moja kwa kumbukumbu moja: jina lenye tahajia zote, tukio, kipindi, mahali, namba yoyote uliyo nayo, na kama unataka nakala ya kawaida au iliyothibitishwa. Funga kwa sentensi hii: "Iwapo kumbukumbu haitapatikana, naomba majibu ya maandishi yakionyesha madaftari na miaka iliyotafutwa." Sentensi hiyo hubadilisha mengi. Karani analazimika kufungua kitabu ili ajibu, na ukikosa, una karatasi ya kupeleka mahakamani au kuambatanisha na hati ya kiapo. Gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, dai risiti ya ada. Zaidi ya nchi 100 zina sheria ya haki ya kupata taarifa yenye muda maalumu wa kujibiwa na ngazi ya kukata rufaa. Itaje kwa jina lake kwenye barua.

Nimepata watu wawili wenye jina moja, waliozaliwa mwaka mmoja, wilaya moja. Nitajuaje nani ni wangu?

Usichague bado. Fungua karatasi mbili na uwafuate wote wawili hadi mmoja aondoke: afariki mapema, aolewe kwingine, atie saini mahali ambapo wako hakuwepo. Watu wengi hukosea kwa kumfuata mmoja tu, kila kinacholingana wakikiongeza kwake, hadi wanamjengea mtu mmoja maisha ya wawili. Tovuti za kulipia zinazokusanya habari za watu hukosea vivyo hivyo, kwa hiyo ziwe za kukuonyesha njia tu. FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, ni ya bure na mara nyingi huonyesha picha ya ukurasa wenyewe, ingawa baadhi hufunguka kwenye vituo vyake tu. Picha hiyo ndiyo ya kusoma, kuliko muhtasari wake.

Linganisha vitu ambavyo si rahisi watu wawili kufanana navyo: jina la mama, kazi, mashahidi, namba ya kiwanja, saini. Saini ya kwenye daftari la ndoa ukiiweka kando ya ile ya hati ya mauzo itakusaidia kuliko umri. Asiyejua kuandika aliweka alama ya msalaba au dole gumba, na aliyeshuhudia alama hiyo aliandika jina lake pembeni. Mtafute huyo.